Kilo 14.9, Vidonge Vinne: Lahajedwali na Usalama wa Mtoto Mgonjwa

Mtoto wa Msangeni aliyeshuka na wazazi wake hadi Lang'ata, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, akakaa huko majuma mawili na kurudi nyumbani na homa, hufanyiwa yale ambayo mtoto yeyote wa Tanzania angefanyiwa. Mama huulizwa walikotoka. Mtoto hupimwa joto, hutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, kisha huwekwa kwenye mizani. Huko juu Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, malaria si ugonjwa wa kila siku kama ilivyo tambarare, na kwa sababu hiyo hiyo mwili wa mtoto wa mlimani haujazoea kupambana na vimelea vyake. Kipimo kikithibitisha ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ukiwa haujawa mkali, hupewa dawa ya mseto, yaani ALu, ambayo imekuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini tangu mabadiliko ya mwongozo ya mwaka 2006.

Idadi ya vidonge hutokana na jedwali fupi mno. Kuanzia kilo 5 hadi chini ya kilo 15 ni kidonge 1 kwa kila mara. Kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2. Kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3. Kuanzia 35 na kuendelea ni vidonge 4. Dawa humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Ni mistari minne tu, na muuguzi mwenye uzoefu huisoma kichwani bila kuinua macho kutazama bango ukutani.

Jambo linalostahili kujadiliwa ni lile linaloipata mistari hiyo minne inapohamishiwa ndani ya kompyuta. Kwa muda mrefu vituo vya huduma vimejaza vitabu vya MTUHA kwa mkono, na muhtasari wake hupelekwa katika mfumo wa kielektroniki wa taifa. Lakini kati ya kitabu cha karatasi na mfumo wa taifa pana uwazi, na uwazi huo aghalabu huzibwa na lahajedwali ambalo mtumishi mmoja amelitengeneza kwa juhudi zake mwenyewe. Humo huandikwa wagonjwa wa mwezi, uzito wao na dozi waliyostahili. Humo huhakikiwa kama dawa iliyotoka inalingana na wagonjwa waliotibiwa. Na humo hutolewa makadirio ya pakiti za kuomba Bohari ya Dawa, kwa kuwa pakiti za mseto zimefungwa kwa kufuata makundi ya uzito. Mtumishi huyo anastahili shukrani. Hata hivyo lahajedwali lake ni chombo cha tiba kama mizani ilivyo. Mizani hukaguliwa, lahajedwali halikaguliwi na yeyote.

Tuseme uzito wa mgonjwa umeandikwa katika seli ya B7, na katika seli jirani mtumishi ameandika fomula ya sharti ambayo karibu kila anayejifunza kazi hii huianza nayo:

=IF(B7>=35,4,IF(B7>=25,3,IF(B7>=15,2,1)))

Kwa maneno ya kawaida: ikiwa uzito umefika 35, vidonge 4, la sivyo, ikiwa umefika 25, vidonge 3, la sivyo, ikiwa umefika 15, vidonge 2, la sivyo, kidonge 1. Mtumishi huijaribu kwa 8, kwa 15, kwa 24.9 na kwa 60, na kila mara jibu huwa sahihi. Fomula hukubaliwa na kunakiliwa kwenye mistari mia tatu.

Siku moja mtumishi mwingine, mwenye bidii na mwandiko safi, anaandika uzito wa mtoto kwa ukamilifu: "14.9 kg". Kwake hilo ndilo andiko sahihi, maana alifundishwa kwamba kipimo kisicho na kizio si kipimo. Lakini herufi hizo mbili zinaigeuza namba kuwa maandishi, na programu ya Excel inapolinganisha maandishi na namba huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Swali la kwanza la fomula, kama uzito umefika 35, linajibiwa ndiyo. Mtoto wa kilo 14.9 anaandikiwa vidonge 4 badala ya kimoja. Hakuna rangi nyekundu, hakuna alama ya kosa, hakuna sauti. Katika mfuatano wa mamia ya mistari, 4 hiyo inafanana kabisa na 4 ya baba yake.

Seli ikiachwa tupu kwa kuwa mizani ilikuwa mbovu siku hiyo, programu huihesabu kama sifuri, na sifuri ni chini ya 15. Mgonjwa asiyepimwa anapata kidonge 1. Kichanga wa kilo 3.2, ambaye yuko nje ya jedwali na anahitaji uamuzi wa tabibu, naye anapata kidonge 1. Fomula hiyo haina mahali pa kusema "sijui". Imejengwa ili ijibu kila swali, hata lile isilostahili kulijibu, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa kuliko zote. Mganga aliyefunzwa vyema hutambulika kwa mambo anayokataa kuyaamua kabla ya kupima. Fomula ya dozi inapaswa kudaiwa adabu hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kuacha masharti yaliyopachikwa moja ndani ya jingine na kutafuta jibu katika jedwali lenyewe. Wako karibu na ukweli. Mistari minne ya uzito huandikwa pembeni, kwa mfano kuanzia H3 hadi I6, na fomula inakuwa =VLOOKUP(B7,H3:I6,2). Hapa "14.9 kg" haipati vidonge 4, inapata alama ya kosa, na hilo ni jema. Ila fomula inaponakiliwa kwenda mstari unaofuata, anwani ya jedwali nayo husogea chini: H3:I6 inakuwa H4:I7, na mstari wa kilo 5 unaachwa nje. Mstari wa tatu unapoteza pia kilo 15. Watoto wadogo wanaanza kupata alama za kosa bila sababu inayoonekana, na mtumishi aliyechoka, saa kumi na moja jioni, anazifunika kwa amri ya IFERROR inayoweka 1 kila penye kosa. Sasa mtoto wa kilo 30 naye ana kidonge 1, na ukurasa unapendeza kuutazama.

Wanaojua huweka alama za dola, $H$3:$I$6, ili anwani isisogee. Inafanya kazi. Lakini msomaji wa fomula hiyo anaambiwa nini? Anaambiwa kwamba kuna kitu katika H3. Kama kitu hicho ni dozi ya mseto, ya parasetamoli au bei za vitanda, fomula haisemi. Kuhakiki kunamlazimu aende H3 atazame, arudi, ahesabu safu ya pili ni ipi, kisha atumaini kwamba hakuna aliyeingiza safu mpya katikati. Mtu mmoja kati ya kumi atafanya hivyo mara moja. Hakuna atakayefanya kila mwezi.

Hapo ndipo desturi ya kulipa eneo la seli jina inapopata uzito wake. Programu zote za lahajedwali zinazotumika nchini, pamoja na LibreOffice inayopatikana bila malipo, huruhusu seli za H3 hadi H6 ziitwe Kuanzia_kilo na zile za I3 hadi I6 ziitwe Vidonge. Katika Excel, mtu huzichagua seli hizo kisha huandika jina katika kisanduku kilicho kushoto, juu ya ukurasa. Tangu hapo jina halisogei fomula inaponakiliwa, na fomula inaweza kuandikwa hivi:

=IF(ISNUMBER(B7),IF(B7<MIN(Kuanzia_kilo),"Mwone mfawidhi",INDEX(Vidonge,MATCH(B7,Kuanzia_kilo,1))),"Pima upya")

Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini inasomeka. Swali la kwanza ni kama kilichoandikwa ni namba. Kama sivyo, mgonjwa apimwe upya. Pili, kama uzito uko chini ya kiwango cha chini kabisa cha jedwali, kompyuta inajiondoa na kumwita mganga mfawidhi. Baada ya maswali hayo mawili ndipo inapotafuta katika Kuanzia_kilo kiwango kikubwa zaidi ambacho uzito umekifikia, na kuchukua vidonge vilivyo sambamba nacho. Muuguzi ambaye hajawahi kuandika fomula maishani mwake anaweza kusomewa mstari huo kwa sauti na kusema kama unafanana na mwongozo. Hilo ndilo jambo la msingi. Mwenye ujuzi wa dozi na mwenye ujuzi wa kompyuta mara nyingi si mtu mmoja, na jina ndilo linalowakutanisha.

Majina hayo yawe ya Kiswahili. Mama wa Msangeni huzungumza Kigweno au Chasu nyumbani, huzungumza Kiswahili zahanati, na muuguzi humjibu kwa Kiswahili. Rejesta na kadi ya kliniki ya mtoto husomwa kwa Kiswahili. Ni ajabu kwamba hatua moja katika mlolongo huo, ile inayoamua idadi ya vidonge, imeachwa izungumze kwa H3 na I6, lugha isiyo ya mtu yeyote. Amri zenyewe za programu ni za Kiingereza na zitabaki hivyo kwa sasa. Majina ya vitu vinavyopimwa hayana sababu ya kuwa hivyo.

Hapa pana kichekesho kidogo kinachowapata watu wa afya kuliko wengine. Mtu akitaka kuliita eneo lake ALU1, Excel humkatalia. Sababu ni kwamba safu za ukurasa huitwa kwa herufi, kuanzia A hadi XFD, na kati yake imo safu inayoitwa ALU. Kwa hiyo ALU1 ni anwani ya seli tayari. BCG1 hukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Anayeandika ALu_dozi au BCG_tarehe hana tatizo. Jina lisiwe na nafasi katikati, lisianze kwa tarakimu, na lisifanane na anwani. Zaidi ya hapo uhuru ni mkubwa.

Jina, hata hivyo, si hirizi. Mtu akiongeza mstari mpya chini kabisa ya jedwali, eneo lililopewa jina halitaufuata lenyewe. Akiuingiza katikati, litapanuka. Mpangilio nao una madhara makubwa. Utafutaji wa aina hii, ambao hautafuti namba ileile bali kundi inamoangukia, hudai mistari ipangwe kuanzia ndogo kwenda kubwa. Mwenye kuinakili kutoka bango linaloanza na watu wazima, akaandika 35, 25, 15, 5 kwenda chini, atakuta mgonjwa wa kilo 40 ameandikiwa kidonge 1 bila onyo lolote. Kinyume chake, jedwali la namba za utambulisho wa dawa linahitaji ulinganifu kamili, kwa maana dawa yenye namba inayokaribiana si dawa inayokaribiana. Kuchanganya aina hizi mbili za utafutaji ni kosa la kawaida kwa sababu programu, isipoelezwa, hujichagulia yenyewe: VLOOKUP isiyopewa agizo la nne hudhani kwamba jedwali ni la makundi yaliyopangwa. Mwenye kuandika MATCH aweke 1 au 0 waziwazi, na ajue kwa nini. (Ipo amri mpya, XLOOKUP, yenye adabu zaidi. Kompyuta zenye matoleo ya zamani haziitambui, na faili la zahanati husafiri kwenye kompyuta za kila aina.)

Na fomula hii iliyosifiwa haiwezi kumwokoa mtoto wa kilo 14.9 aliyeandikwa 149. Hiyo ni namba halali. Kizuizi chake kiko mahali pengine, katika kanuni ya kuingiza data inayokataa uzito usiowezekana, au katika jicho la mtu anayelinganisha uzito na umri.

Anayedhani mambo haya ni ya vijijini tu akumbuke Uingereza ya mwaka 2020. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku, kwa kuwa matokeo ya maabara yalipitishwa katika faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536. Kilichozidi kiliachwa nje kimyakimya. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati. Nchi ile haikukosa wataalamu wa kompyuta. Ilikosa, katika hatua moja, chombo kinachopaza sauti kinaposhindwa.

Watu wa Upare wana sababu yao ya kihistoria ya kulielewa suala hili. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya wakati huo, kuikataa kodi ya mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliandika habari zake. Mbiru ilikuwa kodi ya madaraja: mali ya mtu ilikadiriwa, na makadirio yakamweka katika daraja la malipo. Kwa umbo lake ilikuwa jedwali la kutafutia, sawa na lile la dozi. Malalamiko yalikuwa mengi, na miongoni mwake ni namna makadirio yenyewe yalivyofanywa. Kodi si tiba, na mfano huu usisukumwe mbali. Lakini haki ya mtu kuona jinsi alivyowekwa katika daraja lake haikuanza na kompyuta, na katika milima hiyo ilishadaiwa kwa miguu.

Lipo pingamizi moja lenye nguvu. Kwa nini kompyuta, ilhali bango ukutani halina fomula? Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 umechapwa rangi: nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano kuanzia hapo hadi chini ya 12.5, kijani kuanzia 12.5. Ni jedwali la masharti lililochapwa juu ya plastiki, halihitaji umeme, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii hulisoma chini ya mgomba. Pingamizi hili ni la kweli kwa mgonjwa mmoja aliye mbele ya mhudumu. Mbele ya kitanda, bango na utepe vitangulie, na lahajedwali lisiwe kamwe neno la mwisho la dozi. Ila hesabu ya mwezi haifanywi kwa utepe. Watoto wa kilo 14 wanapohesabiwa katika kundi la kilo 35, maombi ya dawa yanadai pakiti za watu wazima, na mwezi unaofuata rafu ya watoto inakuwa tupu kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona likitendeka. Mhakiki naye, akitumia faili hilohilo, atamtuhumu muuguzi aliyetoa kidonge 1 kwa haki kwamba alitoa pungufu.

Lililo baya zaidi katika hali ya sasa ni kwamba kila kituo kinajitungia. Mwongozo wa tiba ni mmoja kwa nchi nzima, lakini nakala zake ndani ya lahajedwali ni nyingi kama watu waliozichapa. Timu za uendeshaji wa huduma za afya za halmashauri, Mwanga na kwingineko, zina uwezo wa kutoa faili moja lenye majedwali yaliyopewa majina, yaliyofungwa yasihaririwe ovyo, yenye tarehe ya mwongozo yaliyotolewa nao na cheo cha aliyeyahakiki. Vyuo vya afya navyo vinafundisha matumizi ya kompyuta kwa mifano ya maduka na mishahara. Mfano wa dozi kwa uzito ungewafaa wanafunzi zaidi, kwa kuwa wangelijua jibu sahihi kabla ya kompyuta kulitoa. Kazi yenyewe si kubwa. Mtu anayeijua huimaliza kwa mchana mmoja, pamoja na jaribio ambalo halipaswi kurukwa: kuingiza 4.9, 5, 14.9, 15, 24.9, 25, 34.9, 35, seli tupu, na "14.9 kg" pamoja na herufi zake, kisha muuguzi wa zamu asome majibu yote kumi kwa sauti akiwa na mwongozo mkononi.